Gunia Lisilotobolewa

Simu ilimkuta Nzula mikono imejaa mafuta ya njugu hadi viwikoni. Akaibonyeza kwa ncha ya kidole kidogo, ambacho angalau kilikuwa kikavu, akaiweka sauti ya nje na kuiinamia pale mezani kama mtu anayenusa mboga.

“Mama Mutheu, ni Maureen wa supamaketi. Uko mahali unaweza kaa chini?”

“Niko kazini, Maureen. Sema tu.”

“Peanut butter yenu imefeli kwa maabara. Ni afla. Tumetoa chupa zote kwa shelfu. Ukuje leo, kabla ya saa nane.”

Nzula alizima mashine ya kusaga, akasimama pale akiisikiliza ikipoa. Afla haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Ukambani. Ni sumu inayozaliwa na ukungu kwenye mahindi na njugu ambazo hazikukauka vizuri, na ubaya wake ni kwamba haina rangi, haina harufu wala ladha. Kijiji alikozaliwa kiliwahi kuzika watu kwa ajili yake, watu waliokula wakashiba na kumshukuru Mungu.

Na kama kuna mtu katika Nairobi nzima ambaye hakustahili simu ile, ni Nzula. Chumba chake cha mabati, nyuma ya nyumba waliyopanga kule Mutuini, alikuwa amekibandika vigae vyeupe kutoka sakafuni hadi darini. Hakuna aliyeingia humo bila kofia ya nywele na gambuti, hata mchungaji siku aliyokuja kukiombea. Wauzaji wa njugu walimwita Madam Bambo. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji katikati, ambacho ukilidunga gunia kinakutolea konzi ya kilichofichwa tumboni. Nzula alikuwa na lake mwenyewe, akilibeba mkobani pamoja na leso na Biblia ndogo, na alidunga kila gunia juu, chini na katikati bila kumwonea mtu haya. Wauza njugu huweka nzuri juu na takataka tumboni. Yeye hakuwalaumu, aliwadunga tu.

Kila gunia, isipokuwa la mtu mmoja. Njugu za Mwaitu Rael, yaani Mama Rael kwa Kikamba, mama mkwe wake, zilikuja kila msimu kutoka Kitui kwenye lori la jirani yao Muindi, gunia limeshonwa mdomo kwa kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe. Mara ya kwanza lilipofika Nzula alichukua bambo kwa mazoea, na mumewe Mwau akamshika mkono. “Utamdunga mama?” alimwuliza. Tangu siku hiyo gunia la mama lilifunguliwa taratibu kwa mikono miwili, na simu ya shukrani ikapigwa kabla njugu hazijaona moto. Mama alilipwa, ndiyo, lakini pesa zenyewe ziliitwa za sukari.

Msimu huu yalikuja magunia mawili, na njugu zilikuwa nzuri ajabu: nyekundu, nono, nzima nzima, hakuna iliyopasuka. Nzula alizisifu kwenye simu hadi mama mkwe akaona haya. Gunia moja alikuwa ameshalisaga.

*

Kwenye mlango wa kupokelea mizigo, katika uchochoro wa nyuma wa supamaketi katikati ya jiji, askari alimjua Nzula vizuri. Kwa kawaida alimfungulia akimwita mum na kumwomba chupa moja ya watoto. Leo alimwangalia mikono mitupu.

“Uko na delivery?”

“Hapana. Nimeitwa.”

“Basi kaa hapo na watu wa kurudishiwa.”

Watu wa kurudishiwa walikuwa na benchi lao. Alikaa kati ya mwenye mikate iliyoota ukungu na mwenye sukuma wiki iliyonyauka, kila mmoja akiangalia mzigo wake miguuni. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe kitu. Ni benchi la aibu lile, na wenye adabu hawaangaliani.

Maureen alipochelewa, Nzula aliomba kwenda kuona shelfu yake mwenyewe. Kijana mwenye aproni ya kijani alikuwa anatoa chupa na kuzitupia kwenye toroli kama viazi. Kwenye toroli walikuwa wamebandika karatasi: HAIUZWI. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alichukua chupa kutoka kwenye toroli, akaigeuza.

“Si hii ndiyo ile tamu? Mbona wanatoa?” akamwuliza Nzula.

Lebo ilikuwa na picha ya Nzula mwenyewe akicheka, amevaa kofia ya nywele. Alivuta leso yake ikafika kwenye nyusi.

“Sijui, mama. Mimi napita tu.”

Alisema hivyo, na mara moja akajichukia. Miaka mitatu alikuwa akipita hapo kila Jumamosi bila cha kununua, kuja tu kujitazama kwenye ile lebo.

Ofisi ya Maureen ilikuwa nyuma ya chumba cha barafu, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa sweta mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa msichana wa watu aliyesomea chakula chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kuwaambia watu waliomzidi umri kwamba bidhaa zao zimekataliwa.

“Tulichukua chupa tatu kwa shelfu, hatukukuambia. Tunafanyia kila mtu hivyo,” alisema. “Inayokubaliwa ni kumi. Yenu ni arobaini na nne.”

“Na ile ya mwaka jana?”

“Mwaka jana ilikuwa vidoti vyeusi tu, si ndio? Njugu zilizoungua. Mlirekebisha, nikafurahi. Hii si vidoti, Mama Mutheu. Hii ni ini ya mtu.” Akavuta kompyuta karibu. “Njugu za hii batch mlitoa wapi?”

“Nyingi ni za Njuguna wa Kinoo, yule wa duka la nafaka. Na zingine ni za nyumbani, Kitui.”

“Kitui kwa nani?”

“Kwa mama.”

“Mama yupi? Ana jina la biashara?”

“Si biashara. Ni mama. Mama ya bwana yangu.”

Maureen aliacha kuchapa. “Sawa. Na huyo mama mnampima?”

Nzula alijikuta anaangalia sakafu. Alikuwa na majibu ya kila swali kuhusu vigae, kofia, sabuni na maji ya kuchemsha. 

“Nakupatia hadi Ijumaa,” Maureen alisema. “Uniambie makosa imetoka wapi, mliifunga aje, na uniletee karatasi ya maabara ya njugu safi. Ukileta, Jumatatu una-deliver. Usipoleta ama Jumatatu ipite, siwezi kukushikia. Kuna watu watatu wanangojea hiyo nafasi, na boss ananiuliza kila asubuhi.”

Bila supamaketi hiyo, Nzula angebaki na vioski viwili vya Mutuini na meza ya dada mmoja wa saluni kule Kenyatta Market. Vioski haviwezi kulisha mashine iliyonunuliwa kwa mkopo wa sacco.

*

“Ni Njuguna,” Mwau alisema jioni hiyo, kabla hata hajavua viatu. Alikuwa fundi wa lifti katika majengo ya mjini, na alirudi nyumbani akinuka grisi. “Mtu wa duka atakuuzia nini kama si uchafu?”

Nyumbani walizungumza Kikamba chao.

“Magunia ya Njuguna niliyadunga yote.”

“Basi ni maji ya bomba. Au ni mashine. Au ni hao wa supamaketi wenyewe, wanataka kumpa ndugu yao nafasi yako.”

Nzula alimwacha amalize. Katika nyumba nyingi mwizi hutafutwa kuanzia kwa jirani, na nyumba yao haikuwa tofauti.

“Umemwacha mmoja,” alisema.

Mwau akaacha kufungua kamba za kiatu.

“Nzula.”

“Mimi sijasema kitu.”

“Basi usiseme. Mwanamke anainama shambani mgongo ukimuuma, anachambua njugu moja moja kwa ajili yako, halafu wewe umwambie nini? Kwamba wasichana wa mjini wamekataa mkono wake?”

Mwau alikula, akalala mapema. Nzula naye hakumlaumu sana. Alimpenda mama yule. Mwaitu Rael ndiye aliyemlea Mutheu, binti yao, mwaka mzima ili Nzula ajifunze kazi hii, na hakuwahi kumkumbusha.

*

Njuguna wa Kinoo alikuwa na duka la nafaka kando ya Waiyaki Way, magunia yamepangwa hadi barazani na mdomo wake ukisikika hadi ng'ambo ya barabara.

“Madam Bambo! Leo si siku yako. Umekuja kunidunga tena?”

Nzula alimvuta pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini. Sauti ya chini haikuwahi kumsaidia mtu yeyote mbele ya Njuguna.

“Afla? Kwangu?” Akaburuta gunia hadi mbele ya wateja, akalipiga teke. “Dunga! Dunga yote, watu waone! Wewe ndio umenifanya nikatae mali ya mabroka ikiwa na unyevu. Wewe ndio ulinifanya ninunue turubai nianike hapo nyuma, bibi yangu akidhani nimechizi. Nimefanya hizo zote juu yako, na bado unakuja kuniharibia jina?”

Wateja walikuwa wameacha kubishania bei. Nzula aliona uso unamchoma, lakini alitoa bambo mkobani, kwa sababu kama kuna kitu alichokiamini ni hicho. Akadunga. Njugu zilizoteremka mkononi zilikuwa kavu, zikagongana kama vifungo vya shati. Kadhaa zilikuwa zimepasuka, kama njugu za Njuguna zilivyokuwa siku zote.

“Sikuja kukutukana, Baba Ciru. Nimekuja kuchukua sampuli.”

Njuguna alipoa. Alikuwa mtu wa kelele lakini hakuwa mtu wa kinyongo. Akamfungia konzi ile kwenye karatasi.

“Swali ni moja tu, mama,” alisema, sasa kwa upole. “Ni gunia gani hujadunga? Kikulacho ki nguoni mwako.”

 Nzula akanunua gunia lile lile alilolidunga, la mwisho la aina hiyo hadi lori lingine lije mwezi ujao. Kulilipia na kulipia maabara alikomba akiba yake yote ya chama, hakikubaki hata cha kanisani.

*

Siku iliyofuata, Mwau akiwa kazini, Nzula alijifungia chumba cha vigae na gunia la mama mkwe. Lilikuwa limesimama pembeni, limeshonwa kwa mshono ule wa karibu karibu, nadhifu kama ukosi wa shati la Jumapili. Alilizunguka. Akajiambia atafungua mdomo achukue za juu, halafu akajionea aibu, kwa sababu mnunuzi mwingine akifanya hivyo, yeye angemcheka. Akadunga tumboni.

Zilizotoka zilikuwa nzuri. Alizipeleka dirishani, akazigeuza moja moja, nzima zote, nyekundu zote, na moyo ukampanda kwa furaha. Akatafuna moja. Ilikuwa laini kidogo kwenye jino, basi. Alifunga sampuli zote mbili, akaandika majina, akazipeleka maabara moja ya Westlands, na njia nzima ya kurudi alikuwa akiomba Mungu kosa liwe la Njuguna. Ni ombi baya, naye alilijua, lakini aliliomba.

Majibu yalikuja Alhamisi alasiri. Za Njuguna zilikuwa tatu. Za Mwaitu Rael zilikuwa mia moja na kumi.

Alimwambia Mwau akiwa bado mlangoni, maana jambo kama hilo ukilipikia chai linakushinda.

“Umelitoboa gunia la mama?”

“Nimelitoboa.”

“Nikiwa sipo.”

“Ungekuwepo ungeniacha?”

Mwau alikaa kwenye kiti cha mikono. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. “Kwa hiyo mama yangu ni muuzaji wa mitaani. Anakuja kukusalimia, wewe unampapasa mifuko.”

“Wewe kila mwezi unapima kamba za lifti, Mwau. Kuna lifti iliyokununia?”

“Lifti haikunizaa.”

“Na watoto wa watu wanaokula hii siagi, hawakuzaliwa? Mutheu anaipaka kwenye mkate kila siku. Wako huyo.”

 Mwau alifuta uso kwa viganja, akachukua simu, akatoka nje. Nzula alimwona kupitia dirishani akizunguka zunguka uani, mkono mmoja nyuma, kichwa kimeinama, kama kijana anayeongea na mwalimu mkuu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

“Anakuja kesho.”

“Umemwambiaje?”

“Nimemwambia njugu zake zimekataliwa. Ulitaka nimwambie nini tena?”

“Akasemaje?”

“Hakusema. Ameuliza basi linaondoka saa ngapi.”

*

Ijumaa Nzula hakuketi kwenye benchi. Maureen alimpokea mwenyewe, akasoma karatasi zote mbili za maabara mara mbili, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

“Watu wengi huja hapa na hadithi, Mama Mutheu. Wewe umekuja na jibu. Kwa hivyo ni huyo mama.”

“Ni huyo mama.”

“Sababu?”

Nzula hakuijua sababu. Alikuwa amekisia tu, na kukisia huko kulikuwa na uchungu ndani. “Hakuanika vizuri. Ni mtu mzima, anafanya haraka.”

Maureen akaandika: msambazaji hakuanika vizuri. Akauliza jina, na Nzula akalitaja lote, Rael Mwau, kwa maana Mwau lilikuwa jina la baba mkwe wake, nalo mwanawe akalirithi. Maureen akaliandika, akalipiga mstari. Ilikuwa kazi ya sekunde.

“Bidhaa iliyobaki imeenda wapi? Lazima kila moja irudi. Hata kama ni kioski, hata kama ni chupa moja.”

Hapo Nzula alijibu kwa fahari. Vioski vya Mutuini alikuwa amevizungukia kwa boda boda, dada wa Kenyatta Market alikuwa amezirudisha zake na kusema maneno, jirani mmoja alikuwa amerudisha chupa nusu. Gunia lililobaki lingechomwa moto. Hakuna hata punje moja ambayo hakujua ilipo.

“Perfect,” Maureen alisema. “Jumatatu saa mbili, mlango wa nyuma. Usichelewe tu.”

Askari alimfungulia geti, akamwita mum. Nzula alinunua maandazi ya kurudi nayo nyumbani, akatembea mjini kama mtu aliyevua kiatu kilichombana.

*

Mwaitu Rael alikuwa amefika. Alikaa sebuleni kwenye ukingo wa kochi, kiondo mapajani, kitambaa cha safari bado kichwani, kama mtu anayengojea kuitwa ndani ya ofisi. Mwau alikuwa amemwekea chai na chai ilikuwa imepoa. Nzula alipiga magoti kumsalimia, na yule mama akamshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

“Nionyeshe,” alisema.

Walimpeleka kwenye chumba cha vigae. Nzula, kwa mara ya kwanza, alisahau kumpa mgeni kofia ya nywele. Mwaitu Rael aliliona gunia lake, akaliona na tundu, akaweka kidole juu ya tundu na kukiacha pale.

“Zina nini?”

Mwau alitazama pembeni. Nzula akasema, “Zina sumu, Mwaitu. Ile ya ukungu. Ile ya mwaka ule wa mahindi.”

“Sumu?” Mama akamgeukia mwanawe. “Wewe uliniambia zimekataliwa. Nilidhani ni ndogo. Nilidhani wazungu wenu wanataka kubwa zaidi. Hukuniambia sumu.”

“Niliogopa kukuvunjia heshima, mama.”

Mwaitu Rael alivuta ndoo, akaketi juu yake. Hakulia wala hakukasirika. Alianza kueleza, polepole, kama mtu anayetafuta alipoangusha ufunguo.

“Tulizianika. Kwenye ganda zilikauka vizuri sana, zilikuwa zinalia ukitikisa. Lakini ganda kavu ni gumu, ukilibonyeza kwa vidole njugu inapasuka katikati. Na wewe, Nzula, uliniambia msimu huu unataka nzima nzima. Uliniambia zilizopasuka zinaungua kwenye kikaango, watu wa supamaketi wanakukasirikia. Kwa hiyo tukanyunyizia maganda maji, tukayafunika kwa turubai, yakalala hivyo. Asubuhi yalikuwa yamelainika. Zilitoka nzima, hata wewe ulizisifu. Kuzianika tena hatukuwahi, Muindi alikuwa anapiga honi.”

 Nzula alijikumbuka mwenyewe kwenye simu, sauti ya kibiashara, akisema nzima nzima, Mwaitu, nzima nzima tu. Asubuhi hiyo alikuwa amelitaja jina la mama huyu kwa mtu asiyemjua, likapigwa mstari kwa kosa la haraka. Haraka haikuwa ya mama. Alihisi aibu ambayo benchi la wenye kurudishiwa halikuwahi kumtia.

“Kosa ni langu,” alisema. “Mwaitu, kosa ni langu mimi, si lako.”

“Kosa tutaligawana baadaye,” mama alijibu. “Sasa niambie. Sumu hii iko kwenye hizi tu? Hizi ni zile nzuri. Tulizichambua, mimi na Mbeke na watoto. Zilizopasuka, zilizosinyaa, zenye madoa, hatukukutumia hata moja.”

“Hizo mlizitupa wapi?”

“Tuzitupe?” Mwaitu Rael alimtazama kana kwamba amemwuliza kama huwa wanatupa watoto. “Mahindi hayakutoka msimu huu, si unajua. Njugu ndizo maharagwe yetu. Ndizo uji, ndizo mboga. Hizo ndizo tunazokula.”

Mbeke alikuwa mke wa Kiilu, mdogo wake Mwau, na watoto wao walikuwa wanne. Mwau alishatoa simu mfukoni. Vidole vyake, vinavyofunga nati za lifti gizani bila kukosea, vilikosea namba mara mbili. Iliita sana. Ilipopokelewa Mwau alimpa mama simu, wote wakasikia moto, vyombo, na mtoto akiimba.

“Mbeke,” mama alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wa makamo kwenye simu, “mmepika nini?”

“Uji wa njugu, Mwaitu. Watoto wamemaliza, mimi ndio nakaa nile. Umefika salama?”

“Umwage.”

“Nini?”

“Uji uumwage. Na njugu zote zilizo kwenye pipa. Usiwape kuku. Zichome. Zina ile sumu ya mahindi.”

Mtoto aliendelea kuimba. Nzula alidhani Mbeke anahesabu watoto, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiwahesabu.

“Nimesikia, Mwaitu,” Mbeke alisema mwishowe. “Nitamwaga. Watoto nitawapeleka zahanati wakaangaliwe. Lakini kesho tule nini?”

 Mwaitu Rael aliangalia simu kiganjani mwake, kisha akawaangalia wale wawili waliokuwa wamesimama juu yake.

Nzula aliichukua simu.

“Mbeke, ni mimi. Mwaga yote, usibakishe hata ya kuonja. Mwau anapanda basi la alfajiri. Anakuletea gunia zima.”

“La nini?”

“La njugu. Zimepimwa, ni safi, karatasi ninayo.”

“Gunia zima?” Mbeke alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana ameamini upesi. “Nzula, si hizo ndizo za supamaketi? Si ni za kuuza?”

“Zilikuwa za kuuza,” Nzula alisema, kisha akamrudishia mama simu, akatoka na Mwau kwenda kulitoa gunia la Njuguna.